Rubani wa Siku za Jua

Kasulu, Jumatatu, 9 Septemba 2024

Shangazi yangu Kuruthumu,

Shikamoo. Bahasha hii nimempa Hamis wa basi na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si yule msichana wa dukani. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika katikati, tena mbele ya wateja wako wa vitenge. Na hapa nyumbani baba anakaa kibarazani lakini masikio yake yako ndani.

Unajua leseni ya urubani ninayo tangu mwaka jana, na unajua imelala kabatini. Ni leseni ya kuruka ninapoona. Ukungu ukishuka kwenye milima yetu hii, sheria inataka nibaki chini, na hakuna mwenye ndege anayetaka rubani wa kubaki chini. Kinachokosekana ni cheti cha kuruka kwa vyombo. Yaani uko ndani ya wingu, nje kweupe kama umefunikwa shuka, huoni ardhi wala mbingu, nawe unaongoza ndege kwa kusoma zile saa zilizo mbele yako tu.

Baba amesema hivi: "Mimi najua misumari na mabati. Dada yangu ana mtoto rubani. Shule atakayoikubali yeye ndiyo nitakayolipia." Kwa hiyo uamuzi uko Kibondo, kwako.

Shule ni mbili. Ya kwanza ni Anga Safi, Dar es Salaam, aliyosoma Omary. Wanasema unamaliza upesi sana, na sehemu kubwa unafundishwa ndani ya chumba chenye mashine inayoigiza ndege. Ya pili iko Tabora, inaitwa Mbawa. Ni ndogo, ina ndege mbili, na mwalimu wake ni mama mmoja wa Kikongo anayeitwa Antoinette. Kule hawasemi utamaliza lini. Wanasema utamaliza ukiweza.

Sasa Shangazi, nikuulize kitu na usikasirike. Omary amenipigia simu tena na tena kuhusu Anga Safi. Nikimwambia bado nafikiri, kesho anapiga tena. Binamu yangu huyu hata sikukuu hunisahau. Je, kuna kitu anapewa kwa kila mwanafunzi anayempeleka? Kama kuna, niambie tu. Sitamwambia kwamba nimejua.

Mwanao,
Firdausi


Kibondo, 16 Septemba 2024

Fau,

Marahaba. Barua imefika, na Hamis alinikabidhi kwa sauti kubwa hivi kwamba soko zima limejua nina barua.

Umeniuliza nisikasirike. Nimekasirika. Omary ni mwanangu wa pekee na wewe nimekulea kwa mikono hii hii tangu mama yako alipofariki. Mlikula sahani moja. Leo anakusukuma kwenye heri, wewe unauliza anapata nini? Anapata kuwa na ndugu mwenye kazi, ndicho anachopata.

Kama Anga Safi ni shule mbaya, mbona yeye anaruka? Anabeba dawa na wauguzi kutoka Kigoma kuja huku, na ndege ikitua hapa watoto wa Kitahana wanakuja kwa miguu kumwangalia. Na hajawa mtu wa kujikweza. Kila siku anayokuja hunipigia asubuhi, kabla sijafungua duka. Ananisalimia, halafu ananiuliza: "Mama, mlima unauona? Mawingu yamekaaje?" Natoka uani, naangalia, namwambia. Mtoto wa nani mwingine mwenye cheo hicho anampigia mama yake kumwuliza habari za mawingu?

Sasa zamu yangu kukuuliza. Tabora kuna nini? Baba yako ameniambia kuna mtu anaitwa Elie, ndiye aliyekutia hiyo shule kichwani. Mkristo, Mkongo, na anakupigia simu. Elie ni nani? Nijibu hilo kwanza, halafu tutaongea habari za shule.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kasulu, 30 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Elie ni fundi wa ndege. Ana wajukuu, na meno ya mbele hana. Nilimjua nikiwa mafunzoni, ndiye aliyekuwa akitukagulia injini. Nikikuletea picha yake utacheka mpaka utubu.

Nimerudi kutoka Dar jana. Nilikwenda Anga Safi bila kumwambia Omary, nikitaka kuiona kabla haijajua kwamba naiangalia.

Ni pazuri. Sakafu inang'aa, kiyoyozi kinakufanya utafute mtandio. Mkuu wao, Bwana Bazilio, alinipokea mwenyewe, akanipa juisi, akanikalisha kwenye ile mashine. Niliruka ndani ya wingu la bandia, nikatua bila taabu. "Una kipaji," akasema. Nilifurahi, sitakuficha.

Halafu nikamwuliza kuhusu kuruka kwenyewe, kwenye ndege halisi, kwa sababu sheria inataka saa kadhaa za angani. Akatabasamu. Akasema, "Dada, hilo lisikusumbue. Ndege yetu ikiwa kwenye matengenezo, saa huwa tunaziandika tu. Mtahini anataka kuona karatasi, nawe kipaji unacho."

Nikauliza, "Na hiyo ndege iko kwenye matengenezo tangu lini?"

Akaita mtu aniongezee juisi.

Nimewauliza wenzangu wawili wa zamani, wakanicheka. Wanasema mambo hayo ni ya kawaida, kazi utajifunzia kazini. Labda ni kweli. Mimi sijui, Shangazi. Lakini nilipokuwa natoka, Bwana Bazilio aliniambia, "Msalimie Omary, mwambie tumekuona." Nami sikuwa nimemtaja Omary hata mara moja.

Wiki hii nakwenda Tabora.

Firdausi


Kasulu, 14 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tabora nimekwenda na nimerudi, na nina hasira.

Ofisi ni kontena. Viti vya ndege vimechanika na vimefungwa kwa plasta ya bomba. Huyo Mama Antoinette hakunipa hata maji. Aliangalia leseni yangu kama mtu anayekagua mchele wenye mawe, akasema, "Twende juu. Niangalie kama unajua kitu."

Tukaruka. Akanivalisha kofia yenye kibao kirefu mbele, ili nisione nje, nione zile saa tu. Akaniambia nifumbe macho na niinamishe kichwa. Akaichezesha ndege huku na huku, kisha akasema, "Fungua. Tengeneza."

Shangazi, mwili wangu wote uliniambia tumekaa sawa. Niliapa moyoni tumekaa sawa. Saa ya mbele ilionyesha tumelalia ubavu na pua inashuka. Nikaona saa imeharibika. Nikavuta usukani. Mlio wa upepo ukazidi, nikavuta zaidi. Ndipo akaninyang'anya, akanyoosha ndege, akasema bila kupandisha sauti:

"Umesha kutuua."

Nikamwambia saa ina kasoro. Akacheka kidogo. "Hapana. Masikio yako ndiyo iko na kudanganya. Cadran, hii saa ya mbele, haina roho, haiogope. Mukubwa ni kunyoosha mabawa kwanza, kisha pua. Weye ulivuta pua. Watu wote wanavuta pua, ndiyo maana wanakufa wote."

Chini akaniambia ninapaswa kuanza mwanzo kabisa, na hawezi kusema itachukua muda gani. Mimi, mwenye leseni! Nikamwuliza kama wanafunzi wake wote huambiwa hivyo. Akasema, "Wote." Sasa niambie, mwalimu anayemwambia kila mtu kwamba hajui kitu, si ndiye anayetaka ada isiyokwisha?

Njiani kurudi nilishuka Makere. Kuna Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anaitwa Léonard, anafanya kazi na mashirika, zamani alisafiri na huyo mama alipokuwa rubani wa misaada upande wa kwao. Nikamwuliza habari zake. Akasema, "Ule mama? Alikuwa anakatala kuruka. Wingu kidogo, anakatala. Tulikuwa na wagonjwa pale chini, watu walimuzomea, yeye anakaa tu chini ya bawa na kula karanga."

Basi. Rubani mwoga anayefundisha wengine. Naona nilimdhania vibaya Omary. Ukikubali, mwambie baba ni Anga Safi.

Firdausi


Kibondo, 19 Oktoba 2024

Fau mwanangu,

Alhamdulillahi. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Juu ya yule mama nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mtu hakupi maji, atakupa elimu?

Omary nimemweleza, na hakukasirika kwamba ulimchunguza. Amesema safari yake ijayo ya dawa atakuchukua Kigoma ukae naye mbele, mje wote Kibondo, uone mwenyewe kazi ya mtu aliyesoma Anga Safi. Nitakuja uwanjani. Nitapika pilau, na nitaalika majirani wachache tu, usiogope.

Baba yako nitamwandikia baada ya hapo, ili jambo likamilike kwa furaha.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibondo, 12 Novemba 2024

Firdausi,

Nimengoja uniandikie wewe kwanza. Hukuandika.

Siku ile nilikaa pale uwanjani na masufuria kuanzia asubuhi mpaka majirani wakaanza kuniaga mmoja mmoja kwa huruma. Mawingu yalikuwa yameshika mlima. Wakati fulani tulisikia injini mahali fulani juu yetu, kama gari linalopanda kilima, kisha ikapiga kelele ya ajabu, kisha kimya. Immakulata wa mashine ya kusaga alinishika mkono. Wanawake wakaanza kusoma dua. Sitakueleza niliyoyapitia mpaka Omary alipopiga simu kutoka Kigoma kusema mmerudi salama.

Amenieleza yaliyotokea. Amesema mliingia wingu dogo, wewe ukapata hofu, ukapiga kelele, ukaushika usukani kwa nguvu, akalazimika kurudi Kigoma kwa ajili yako. Amesema nisikulaumu, hofu ni kitu cha kawaida. Ndivyo alivyo, anakusitiri.

Lakini mimi nakuuliza. Kama ni hofu tu, kwa nini hupokei simu zangu? Kwa nini baba yako anasema umerudi nyumbani na hutaki kuzungumzia safari? Mtu mwenye hofu hulia akanyamaza. Wewe umenyamaza kama mtu anayeficha kitu. Ulitaka kumwonyesha mwanangu kwamba hajui kazi? Ni lile jambo la kupewa kitu kwa kila mwanafunzi, bado liko moyoni mwako?

Nataka jibu.

Kuruthumu


Kigoma, 15 Novemba 2024

Mambo Fau,

Naona hujibu meseji, basi nimemwomba jamaa anayekuja Kasulu akuletee hii. Karatasi haina alama ya tiki mbili za bluu, angalau sitajua kama umeisoma ukanipotezea.

Sista, tulikubaliana pale pale uwanjani Kigoma. Tulisema yameisha. Wewe mwenyewe ulitikisa kichwa. Mama ilibidi nimwambie kitu, na hicho ndicho kilichonijia. Najua hukupenda. Lakini wewe huna kazi ya kupoteza, mimi ninayo. Bosi akisikia, nimekwisha. Na mama je? Unajua anavyonitaja pale sokoni.

Usinichome. Nitaongea na Bazilio, atakupokea Januari, mambo yako yote yatakuwa freshi. Na ndiyo, kuna kitu kidogo hunipa nikimletea mtu. Hiki chako nakuachia wewe.

Siku hizo za mawingu ni chache. Mimi huzikwepa. Sijawahi kupata tatizo kabla ya siku ile, na siku ile nilikwenda kwa sababu yenu, mama alikuwa ameshapika.

Omary


Kasulu, 20 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilinyamaza kwa sababu nilimwahidi Omary. Nimeona ahadi ile inaweza kuua watu, na mmoja wao ni yeye.

Tuliondoka Kigoma kweupe kabisa. Omary alikuwa anaimba. Tulipofika juu ya Makere mawingu yalikuwa yamejaa mbele, na mimi nikadhani atarudi au atapanda juu yake. Akasema, "Mama anangoja," akaingia.

Mwanzoni alikaa sawa, mpaka tulipokaribia Kibondo. Kisha nikaona saa ya mbele inaanza kulala kushoto. Nikamwambia, "Omary, unageuka kushoto."

"Sigeuki."

"Tazama saa."

"Saa hii huwa inasumbua."

Ndivyo nilivyosema mimi Tabora, Shangazi. Maneno hayo hayo. Mwili wangu nao uliniambia tumekaa sawa, na kama nisingekwenda Tabora kudhalilishwa ningemwamini yeye na mwili wangu, tukafa tukiwa tumekubaliana.

Upepo ukaanza kulia. Akavuta usukani, pua ikazidi kuzama. Nilimtazama usoni. Jasho linamtoka, macho yako nje dirishani, anatafuta ardhi ndani ya weupe. Alikuwa anasema, "Iko wapi? Iko wapi?" kama mtoto aliyepoteza kiatu. Nikapiga kelele, hilo ni kweli. Nikamwambia aachie. Hakuachia. Nikampiga mkono, nikashika usukani wa upande wangu, nikapunguza nguvu ya injini, nikanyoosha mabawa kwanza, ndipo nikainua pua polepole. Kelele uliyosikia ndiyo hiyo. Tulipopata kimo tulitokea juu ya wingu kwenye jua. Omary alitapika. Mimi ndiye niliyeirudisha ndege Kigoma, ambako ziwani kulikuwa wazi.

Sijui kuruka kwa vyombo, Shangazi. Nilijua jambo moja tu, na Mungu alitaka liwe ndilo lililohitajika siku hiyo.

Sasa nikuulize. Zile simu za asubuhi. Umewahi kujiuliza kwa nini rubani mwenye cheti cha kuruka mawinguni anamwuliza mama yake kama mlima unaonekana? Nimewaza sana kabla ya kuandika hili. Najua unavyozipenda zile simu. Nadhani anakupenda kweli anapokupigia. Lakini nadhani pia hawezi kuja bila macho yako.

Mwambie aache kuruka mpaka afundishwe upya. Wewe atakusikiliza. Mwezi Januari ukifika bado anaruka, nitampigia mwenye ndege mimi mwenyewe. Sitafanya kwa siri, ndiyo maana nakuambia mapema.

Anga Safi sitakwenda. Na yule niliyemwita mwoga, niliyemwandika vibaya kwako, alikuwa anakaa chini ya bawa akila karanga ili watu waliomzomea waishi.

Mwanao,
Firdausi


Kibondo, 27 Novemba 2024

Firdausi,

Unanitisha. Unanipa tarehe, kama mtu anayedai kodi ya fremu.

Nimesoma na nimeelewa kila kitu. Mwanangu hajui kazi, wewe unajua. Cheti anacho yeye, sifa unazitaka wewe. Kabla hujapata leseni mlikuwa ndugu. Na hata hizo simu za asubuhi, kitu kidogo nilichokuwa nacho, umekipaka matope. Ulipokuwa mdogo hukuwa na roho hii. Sijui umeipata Dar au Tabora.

Ukimpigia mwenye ndege, usikanyage kwangu. Na shule, mwambie baba yako akuchagulie mwenyewe. Mimi nimejitoa.

K.


Kasulu, 6 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hamis ameniambia barua zangu mbili za Desemba ulizirudisha kwake bila kuzifungua. Hii nimemwomba aiweke tu mezani na kuondoka.

Januari imefika. Nimekaa na simu mkononi na sijapiga. Nilidhani nitaweza. Kila nikitafuta namba ya mwenye ndege nakuona wewe na masufuria yako. Kisha nasikia ndege inapita juu ya Kasulu, natoka nje kutazama kama ni yake.

Nitapiga Ijumaa. Nimekuambia ili usije ukasikia kwa watu.

Firdausi


Kibondo, 2 Februari 2025

Fau,

Hukupiga simu Ijumaa ile. Najua, kwa sababu nilipopiga mimi, mwenye ndege alikuwa hajasikia kitu.

Nikueleze ilivyokuwa. Barua yako niliiacha mezani bila kuigusa. Wiki iliyofuata Omary akaja kwa gari, mapumziko, na siku ya pili yake ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa. Tulikuwa tunakula uji na maandazi. Nilikuwa nimeapa sitamwuliza. Nikajikuta namwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama sukari inatosha:

"Omary, ukiwa ndani ya wingu unaona nini?"

Akasema, "Naona saa, mama. Tumefundishwa."

Nikasema, "Mimi sijauliza umefundishwa nini."

Akakasirika. Akasema wewe umenitia maneno. Akasema wewe una wivu, yaani maneno yangu mwenyewe, nikayasikia yakitoka mdomoni mwake na hayakupendeza. Nikanyamaza. Nilipomfundisha kusema kweli akiwa mdogo nilikuwa nanyamaza hivyo hivyo. Akavuruga uji. Mwishowe akasema chini chini, "Mama, kule ndani sijui juu ni wapi."

Nikamwambia basi, umesema, acha. Nenda ukasome upya, hakuna aibu. Akasema hawezi, bosi atamwuliza cheti alikipataje. Akasema Alhamisi analeta wakunga na mama mmoja wa Nyabibuye aliyefanyiwa upasuaji, na hawezi kuwaambia watu wote hao kwamba anaogopa. Akasema, "Wewe niangalizie mlima tu, kama siku zote."

Kama siku zote. Nilitoka nje nikajifanya nafunga mbuzi.

Alipoondoka kurudi Kigoma niliifungua barua yako, kisha niliichukua namba ya mwenye ndege kwa Immakulata, ambaye humtumia mizigo. Nilimwambia, "Mimi ni mama yake Omary. Naomba asiruke." Alicheka, akadhani ni mama anayeota ndoto mbaya. Nikamwambia sikuota. Nikamwambia amweke kwenye wingu na mwalimu asiyemjua, halafu aniambie nimekosea. Akaacha kucheka. Siku ile ile alimtafuta rubani mwingine wa Alhamisi.

Walimjaribu. Sikuambiwa yaliyotokea huko juu, ila cheti kimechukuliwa kuchunguzwa, na huyo Bazilio wenu anatafutwa na watu wa mamlaka. Omary hakujua nani alisema. Alidhani ni wewe, akaanza kukutukana humu ndani, nikamwambia, "Si Fau. Ni mimi." Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Watu sokoni nao wana yao. Wengine wanasema nimemroga mwanangu, wengine wanasema nimenunuliwa. Immakulata peke yake ndiye anayekuja kukaa.

Baba yako nimemwandikia: Tabora. Usifikiri nimempenda huyo mama Antoinette. Mtu anayemwambia kila mtu kwamba hajui kitu, bado namtilia shaka, na nitakuja mwenyewe kumtazama, na asiponipa maji nitamwambia. Lakini ukamwulize kitu kwa niaba yangu. Mwulize kama anapokea mtu aliyewahi kudanganywa kwamba anajua. Usimtaje jina. Omary mwenyewe hajakubali, wala sijamwambia kwamba nimekuomba.

Amerudi kwangu. Analala chumba cha nyuma. Haniamkii, hanijibu, chakula anakichukua nikiwa dukani. Ila asubuhi, kabla sijafungua duka, namsikia anakoroga chai yake, kijiko kinagonga kikombe, anakoroga muda mrefu kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. Nasimama nje ya mlango nasikiliza mpaka amalize. Kisha nakwenda kazini.

Shangazi yako,
Kuruthumu